Njia ya Gari Juu ya Nyumba ya Mwaitu

Kasikeu,
4 Mei 1997

Kwa dada yangu Nzilani,

Kwa heshima na huzuni, na baada ya kikao cha wazee wa boma hili (yaani mimi na ng'ombe), natangaza kuaga dunia kwa kiatu changu cha kushoto, kile cha kanisani. Kilizama Jumapili iliyopita saa tatu asubuhi katikati ya njia yetu ya kutoka barabarani, mbele ya pasta na mkewe. Mguu ulitoka, kiatu kikabaki. Nilimsalimia pasta nikiwa na soksi, naye kwa upole wake akajifanya anaangalia mipapai.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Sisi ni wazima. Mke wangu Mutindi anakusalimia na kusema kitenge kilifika, ila mama mkwe amekiona kwanza, kwa hivyo si chake tena. Watoto wamerudi shule. Mwaitu, mama yetu, ana miaka sabini na nne na bado anaamka kabla ya kuku. Jana alinigombeza mbele ya watoto kwamba nakamua ng'ombe kama mtu anayesalimia mgeni. Nyumba yake bado anaifagia mwenyewe, na hataki kusikia habari ya kuhamia chumba cha wageni kwangu. Anasema mama mzaa chema hakai chumba cha wageni.

Sasa neno lenyewe. Pikapu yangu, ambayo ni nzee kuliko ndoa yangu, haiwezi tena kushuka kutoka barabarani mvua ikinyesha. Pale kwenye mtaro, juu ya yale magogo ya kuvukia, gurudumu liliingia mara mbili mwezi wa nne. Naibu mwalimu mkuu kama mimi kuvutwa na ng'ombe wake mwenyewe, wanafunzi wakipita, si jambo la kuwajenga watoto. Fundi Ndululu amepima. Anasema tumwage simiti kutoka geti hadi veranda, hatua arobaini, laini kama sahani. Wewe umesomea mambo ya udongo kidogo pale chuoni. Unaonaje? Nauliza kwa unyenyekevu, lakini Ndululu ameshaniita bosi mara tatu.

Ni mimi kaka yako,
Kiilu


Tseikuru,
25 Mei 1997

Kaka Kiilu,

Pole kwa msiba. Nimewasomea wanafunzi wangu wa darasa la saba tangazo lako na wametaka kujua kiatu kilizikwa wapi.

Huku tumeamka salama. Bwana wangu Kiema yuko porini siku ya nne sasa, anachanja ng'ombe. Mvua yenu iliyowamezea viatu sisi hatukuiona. Ilinyesha mara tatu ikaenda zake. Msalimie Mutindi, mwambie kitenge kingine kinakuja, akifiche.

Kuhusu njia. Kaka, kabla Ndululu hajakuita bosi mara ya nne, nikueleze kitu nilichoona hapa. Kuna mfanyabiashara wa mifugo jirani yetu, Mursal, ana duka mbele na nyuma ana uwanja wa malori ya mbuzi. Malori hayo ni mazito kuliko pikapu yako mara kumi, na hayazami. Hakuna simiti hata kijiko. Walichimba mpaka magotini, wakajaza kokoto kubwa, juu wakaweka mchanga wa mtoni, halafu mawe bapa yamesimamishwa kwa ubavu, moja kando ya jingine, na nafasi ya kidole katikati imejazwa mchanga. Mvua ikinyesha pale hakuna dimbwi. Maji yanaingia katikati ya mawe yanapotea. Nilimwambia mkewe Falis kwamba nyumbani watu wanataka simiti, akacheka, akasema, "Mwalimu, simiti ni ya watu waliochoka na maji. Sisi bado tunayataka. Ona kisima chetu." Kisima chao hakijakauka miaka miwili.

Wewe huhitaji hata uwanja mzima. Fanya mistari miwili ya mawe pale magurudumu yanapopita, katikati uache nyasi. Na uelekeze maji yanayobaki kwenye shimo la migomba.

Swali langu ni moja tu. Ukimwaga simiti hatua arobaini kwenye mteremko ule, maji yanaenda wapi? Chini ya njia kuna nyumba ya Mwaitu. Kinachozuia maji ya barabarani yasimfikie ni ule mtaro, na mtaro haukuchimbwa na serikali. Ulichimbwa na akina mama wa mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana kazi, mwaka ule wa njaa, zamu kwa zamu, Mwaitu akiwa mwenyekiti wao. Usiuguse bila kuwauliza. Nakuomba.

Nzilani


Kasikeu,
10 Agosti 1997

Dada yangu mpendwa,

Utanisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na mitihani ya majaribio, kulikuwa na harambee ya paa la kanisa, na kulikuwa na uvivu, ambao nauweka wa tatu ili usionekane.

Hapa wote ni wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mutindi amepata kitenge cha pili na amekificha mahali ambapo hata yeye hakioni.

Sasa habari. Njia imekwisha. Ndiyo, najua, mawe ya Mursal. Nilimweleza Ndululu kwa adabu, akaniangalia kama mtu aliyeambiwa apike ugali kwa mchanga. Alisema, "Bosi, wewe ni mwalimu ama ni mbuzi?" Ningejibu nini? Tulimwaga wiki ya mwisho ya Julai. Nzilani, ungeiona. Nyeupe, imenyooka, pikapu inashuka kama inateleza kwenye samli. Watu wa kwaya wamekuja kuiangalia. Mwaitu naye, ambaye ulidhani atalia, ameanza kuanika kunde zake juu yake. Anasema zinakauka siku mbili badala ya tano. Sasa mimi nasubiri kunde zikauke ndipo niende kazini.

Mtaro umefanyiwa mpango. Usiwe na wasiwasi. Umekuwa mkavu tangu mwezi wa tano na hata vifaranga wanalala humo.

Msalimie Kiema na wale ng'ombe anaowadunga.

Kiilu


Tseikuru,
2 Septemba 1997

Kaka Kiilu,

Salamu kwa wote. Sisi ni wazima.

Nimesoma barua yako mara mbili. Umenieleza juu ya kunde, kwaya, samli na ndama. Juu ya mtaro umeandika maneno matatu: mtaro umefanyiwa mpango. Mpango gani?

Wewe na mimi tunaandikiana Kiswahili kwa sababu Mwaitu hakisikii vizuri, na wewe ndiye unayemtafsiria. Nilikuwa naona ni desturi yetu tu ya shule. Sasa najiuliza ni maneno yangu mangapi yamemfikia. Tafadhali, barua hii msomee yote.

Redio inasema mvua ya mwaka huu itakuwa nyingi kupita kiasi, wanaiita Elnino. Huenda wanakosea kama kawaida. Lakini kama hawakosei, mwite Ndululu na nyundo kabla ya mwezi wa kumi. Pasueni katikati ya simiti, muache mistari miwili ya magurudumu, katikati mjaze kokoto na mchanga. Kazi ya siku nne. Na pale mtaroni, kama mmeuziba, muuzibue.

Nijibu swali hilo kwanza kabla ya mzaha.

Nzilani


Kasikeu,
19 Oktoba 1997

Dada Nzilani,

Mwalimu amesahihisha daftari langu kwa kalamu nyekundu, na mimi nimelipokea.

Tuko wazima. Mutindi ana mafua. Mvua ilianza Jumatano. Ilinyesha saa nzima, nzuri, na hakuna kiatu kilichokufa.

Umetaka jibu. Haya. Tulifukia kipande tu cha mtaro, hatua sita, pale njia inapovuka, ili gari lipite. Ndululu alitaka kuweka bomba chini yake. Mimi ndiye niliyekataa. Lingefanya njia iwe na nundu kama ya fahali, na bomba lilikuwa halijapatikana sokoni, na Ndululu alikuwa ameshachanganya simiti. Kipande kidogo, Nzilani. Mtaro mwingine wote upo.

Akina mama wa mwethya walikuja kuona. Sikuwaita. Walikuja saba, Syombua mbele, wakasimama pale kwenye zile hatua sita. Mutindi akawaletea chai. Hakuna aliyeinywa. Unajua mama wa huku akikataa chai yako mbele yako maana yake ni nini. Syombua akaniambia, "Kiilu, hapa tulichimba siku kumi na nane, watoto mgongoni, na tumbo halina kitu. Ulishindwa kuja kuniuliza, na kwangu ni karibu hivyo?" Nikamwambia bomba litawekwa. Akasema, "Basi siku likiwekwa, utuite tunywe chai." Wakaenda, vikombe vikabaki vinapoa kwenye trei.

Nimecheka nao tangu nikiwa mdogo, dada, lakini siku hiyo nilivikusanya vikombe vile mwenyewe.

Barua yako sikumsomea Mwaitu. Siku hizi hasikii vizuri. Kwa nini nimtie hofu ya redio? Maji ya Jumatano yalifika tu karibu na kuni zake, yakarudi.

Kiilu


Tseikuru,
8 Novemba 1997

Kaka,

Sijui barua hii itakufikia lini. Mto umejaa na lori la Mursal limekaa ng'ambo siku tisa na mbuzi ndani. Barua yako niliipata jana tu.

Mwaitu anasikia vizuri. Anasikia kuku akitaga.

Sasa nisikilize. Unasema kipande kidogo. Mtaro ni kama ukuta wa zizi. Ukiacha pengo moja, huwezi kusema ng'ombe watazuiwa na ule ukuta mwingine. Maji yote ya barabarani yanaingia mtaroni, yanatembea mpaka kwenye zile hatua sita, yanasimama, yanapanda, halafu yanashuka mahali pamoja. Na mahali hapo umeyawekea simiti, laini kama sahani, inayoelekea nyuma ya nyumba ya Mwaitu. Nyumba ni ya matofali mabichi. Yale ya karibu na kuni ndiyo ya chini kabisa. Maji yaliyorudi Jumatano hayakurudi, Kiilu. Yaliingia ukutani.

Naomba kitu kimoja. Siku utakayopata barua hii, mtoe Mwaitu kwenye nyumba ile. Akikataa chumba cha wageni, mpe chumba chenu, nyinyi mlale sebuleni. Akikataa hicho, ahamie kwa Syombua. Mambo ya mtaro tutayagombania baadaye.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine ya Kikamba. Hiyo ni ya Syombua, amsomee Mwaitu mwenyewe. Usiifungue.

Nzilani


Kasikeu,
20 Novemba 1997

Dada,

Barua imefika leo. Sote tupo. Mwaitu anapumzika. Usijaribu kuja, barabara imekatika mahali pengi. Nitaandika zaidi.

Kiilu


Tseikuru,
30 Novemba 1997

Kiilu,

Tangu nizaliwe sijamwona Mwaitu akipumzika. Siku niliyozaliwa mimi alipika.

Anapumzika wapi? Juu ya kitanda cha nani?

Njia ikifunguka nitapanda lori la Mursal la kwanza, nikae na mbuzi kama ni lazima. Kabla sijafika, niandikie kilichotokea. Bila tangazo na bila mzaha. Kama umeshindwa kuniandikia, mpe Mutindi kalamu.

Nzilani


Kasikeu,
11 Desemba 1997

Dada yangu Nzilani,

Mutindi alitaka kalamu. Nimemnyima. Hii ni yangu.

Kwanza Mwaitu. Yuko hai. Alivunjika mfupa wa paja, mguu wa kulia. Alilazwa wiki mbili, na tangu wiki iliyopita yuko nyumbani kwa Syombua, kitanda kimewekwa karibu na mlango ili aone wanaopita. Anakula. Daktari anasema atatembea na mkongojo, pengine mwezi wa nne. Nilitaka kumleta kwangu. Alisema tu, "Hapa ni pazuri."

Sasa jinsi ilivyokuwa. Umesema bila mzaha. Nitajaribu, ingawa mdomo wangu umezoea.

Ilikuwa Ijumaa tarehe kumi na nne. Barua yako ilikuwa bado iko njiani, lakini sitajificha nyuma ya posta, kwa sababu ile ya mwezi wa tisa nilikuwa nayo sandukuni na ilisema neno lile lile. Mvua ilianza saa sita mchana. Shule ilifungwa saa saba, nikashuka na pikapu vizuri kabisa, nikaegesha, nikakaa veranda na chai. Maji yalikuwa yanakuja juu ya simiti kutoka barabarani kama mto, mekundu, yanang'aa. Nitakwambia ukweli. Niliyaangalia nikaona ni mazuri. Nilimwambia Mutindi, "Ona, hakuna hata matope."

Yeye ndiye aliyemwona Mwaitu. Alikuwa kule juu, kwenye zile hatua sita, amejifunika gunia, ana jembe. Mtaro ulikuwa umejaa mpaka mdomoni. Alikuwa anachimba kutoka ubavuni, chini ya simiti, atafute njia maji yapite chini kwenda upande wa pili. Alikuwa ameshaingia kama urefu wa mkono. Anachimba polepole, anapumzika, anachimba. Kumbe alikuwa amejua siku zote. Hakuhitaji kusomewa barua yoyote. Yeye ndiye aliyepima mtaro ule kwa kamba na vijiti.

Nilipanda kwake. Nilidhani naenda kumsaidia, na mpaka nilipofika karibu naye hivyo ndivyo nilivyodhani. Halafu nikaona alichokichimba. Simiti ilikuwa inaning'inia hewani, na nikaona ikivunjika pale, pikapu itabaki upande wa nyumbani na haitatoka mpaka Januari. Hilo ndilo nililowaza, Nzilani. Mama yangu mwenye miaka sabini na nne yuko kwenye maji mpaka magotini, na mimi niliwaza gari.

Nilimwambia, "Mwaitu, utaharibu." Akasema, "Lazima iharibike kidogo." Nikasema mvua inapungua. Haikuwa inapungua. Akaendelea kuchimba. Ndipo nikachukua jembe. Alilishika kidogo, si kwa nguvu, kisha akaliachia. Nilimshika mkono nikamteremsha mpaka nyumbani kwake, nikamkalisha kitandani, nikamfunika blanketi. Nikamwambia asitoke tena. Kitanda chake, unakijua, kiko ukuta wa nyuma.

Nilirudi veranda. Jembe niliegemeza mlangoni. Mutindi aliniuliza, "Umeufungua mtaro?" Nikasema baadaye.

Haikupita saa. Maji yalipita juu ya zile hatua sita yote kwa pamoja, yakashuka kwenye simiti, na ukuta wa nyuma wa Mwaitu ukaingia ndani. Haukutoa kishindo. Ulitoa sauti kama mtu anayekaa chini amechoka. Nilikimbia. Matofali yalikuwa yamegeuka uji, na yeye alikuwa chini yake mpaka kiunoni, anaita jina la marehemu Baba.

Mutindi alipiga mayowe, na akina mama walikuja. Hakuna aliyewaita kwa zamu, hakuna aliyeuliza habari ya bomba. Wanne walinisaidia kumtoa Mwaitu, wengine walikwenda juu na majembe moja kwa moja mpaka pale pale alipokuwa akichimba. Walimaliza kwa muda ambao sisi tulichukua kumlaza kwenye godoro. Simiti ilikatika vipande viwili ikaanguka mtaroni, maji yakapita, na uani pakawa kimya. Pikapu ilibaki upande wa nyumbani. Kwa hivyo walimbeba juu ya kitanda mpaka barabarani, mimi nikiwa nimeshika mguu mmoja wa kitanda, na lori la mchanga likamfikisha hospitali.

Simiti tunaipasua. Ndululu hakuja, najipasulia mwenyewe kwa nyundo baada ya shule, na wanafunzi wanapita. Nimeshaanza mistari miwili ya mawe kama ulivyoniandikia, kokoto chini, mchanga juu. Syombua huja jioni, hutia kidole katikati ya mawe, na nikilikaza jiwe sana huniambia nilirudie. Pale mtaroni hakutakuwa na njia. Mawe yataishia kabla ya mtaro, na gari litakaa hapo juu. Nyumba ya Mwaitu mwethya wamesema wataijenga mwezi wa pili, juu zaidi, na sikuulizwa.

Sasa lile nililoshindwa kuandika tarehe ishirini. Utakapofika, Mwaitu atakwambia jinsi ilivyokuwa. Amemwambia daktari, amemwambia pasta, amemwambia Mutindi na Syombua, na anasema vile vile kila mara: kwamba alichoka kuchimba, baridi ikamshika, akarudi ndani mwenyewe kujilaza. Anasema hivyo nikiwa nimekaa hapo hapo karibu na kitanda, na haniangalii. Kila mtu amemwamini, isipokuwa labda Mutindi, aliyeniona na jembe. Wananipa pole. Pasta aliomba kwa ajili yangu Jumapili mbele ya kanisa zima, na nikasema amina.

Hakurudi mwenyewe. Hakuwa amechoka. Nilimnyang'anya jembe nikampeleka kitandani kwa mkono wangu, na kila siku ninayonyamaza anaendelea kunibeba. Jumapili hii nitasimama kanisani niseme. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisiweze kubadilisha nia.

Kaka yako,
Kiilu